Kumjua Mungu si kuandikwa kanisani: Funzo la Walokole

SENSA ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Hata hivyo, takwimu hutaja dini ya mtu tu. Haziwezi kueleza iwapo anamjua Mungu anayemwabudu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasha Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao athari zake zingali katika makanisa yetu.

Mnamo 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu Gahini, Rwanda, walikutana Kampala. Wote walikuwa Waanglikana, na wote walihisi kwamba imani yao ilikuwa imepwaya. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini hadi nchi jirani, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Wafuasi wake waliitwa Walokole, jina litokanalo na neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka.

Je, walifundisha nini?

Kwanza, kwamba ubatizo, jina la Kikristo au kiti cha mbele kanisani havimpatanishi mtu na Mungu. Kila mmoja hana budi kuja mwenyewe, akiri dhambi zake na kuamini kwamba Kristo amemsamehe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, toba ilipaswa kuonekana. Aliyeiba alirudisha mali ya watu, naye aliyemkosea mwenzake alimwendea kuomba radhi.

Tatu, uhusiano na Mungu ulikuwa wa binafsi lakini haukuwa wa upweke. Walokole walikutana mara kwa mara kuombeana na kuonyana. Isitoshe, wengi wao walibaki katika makanisa yao ya awali badala ya kuunda dhehebu jipya.

Imani hiyo ilijaribiwa vikali. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia 1952, Walokole wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wapo pia waliokataa kubeba silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huo, aliuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kupinga ukatili wa utawala wa Idi Amin.

Si kwamba Walokole hawakuwa na dosari. Baadhi walilaumiwa kwa kujiona watakatifu kuliko wenzao, na mabishano kuhusu aliyeokoka kweli yaliwagawanya.

Licha ya hayo, funzo lao lina uzito leo. Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, vifo ambavyo wachunguzi walivihusisha na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Pale mhubiri anapojifanya mlango wa pekee wa kumfikia Mungu, muumini hubaki na uhusiano na mhubiri tu.

Kwa hivyo, anayemtafuta Mungu na asome Maandiko mwenyewe, aombe kwa maneno yake na ajiunge na ushirika usioogopa maswali. Kisha ajiulize: Je, jirani niliyemdhulumu ameona badiliko lolote?