Je, wajua? Mombasa imekaa juu ya jiwe lililokuwa hai

Mgeni akifika Mombasa hupiga picha chini ya sanamu za pembe za ndovu za Barabara ya Moi, kisha kwenye ngome ya Fort Jesus. Jiwe lililobeba vyote hivyo halimshughulishi mtu, wala wenyeji wengi hawalifikirii. Kisiwa cha Mombasa ni matumbawe yaliyokua chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Tazama kingo za pwani ya Mama Ngina: makombe na matumbawe yameganda humo mpaka leo.

La ajabu zaidi ni namna jiwe hilo lilivyopata bandari. Katika enzi ya barafu, maji mengi ya dunia yaliganda na bahari ikashuka zaidi ya mita 100. Mito ya bara ikateremka kuifuata, ikalipasua jiwe na kuchimba mabonde ya kina. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilirudi ikayazamisha. Bonde moja ndilo bandari ya Kilindini, jingine ndilo mkono wa bahari wa Tudor, na katikati kikabaki kisiwa. Tena matumbawe hayavumilii tope wala maji yasiyo na chumvi, hivyo mbele ya midomo ya mito hiyo mwamba wa nje haukufunga, uliacha mlango. Majahazi ya Arabuni na India yalipita humo karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498. Mwaka 1896, reli ya kwenda Uganda ilipoanza kujengwa, vyuma vyake vilishushwa hapa kwa sababu kina kilikuwapo tayari.

Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya msanifu Giovanni Battista Cairati, sehemu ya chini ya kuta waliichonga kwenye mwamba wenyewe. Wamiji, yaani Waswahili wa Mombasa wa Thenashara Taifa (mataifa kumi na mawili), nao walijengea jiwe hilo hilo nyumba na misikiti.

Jiwe hili lina matundu mengi. Maji ya mvua hupenya, na kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake chini ya ardhi. Ndiyo maana visima vya Mji wa Kale hutoa maji ya kutumika hatua chache tu kutoka pwani. Lakini matundu hayo hayo hupitisha uchafu wa vyoo vya shimo, nasi tunaendelea kuchimba vyoo karibu na visima, kisha kipindupindu kikizuka tunalaumu mvua. Huo ni uzembe, wa wenye nyumba na wa wenye mamlaka.



Ukitaka kuchimba choo Mombasa, ulizia kwanza kisima cha jirani kiko wapi. Na serikali ya kaunti iweke mabomba ya maji taka kabla ya kuruhusu ghorofa nyingine.