Joto la Kasindi na samaki wa sebuleni

Kasindi, mji wa Kongo ulio mpakani na Uganda, hauna baridi ya Butembo. Anayetoka Butembo, mji uliokaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, akapita Beni na kushika barabara ya kilomita zipatazo 80 hadi mpakani, huvua koti njiani. Huku chini, kati ya milima ya Rwenzori na Ziwa Edward, Ikweta iko jirani, kimo cha ardhi ni kama mita elfu moja tu, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Ikifika saa nane mchana bati limeshawaka, na kila kilicho chini yake kinapata moto huo huo, likiwamo lile tangi la kioo la lita 40 ambalo mwenye nyumba ameliweka sebuleni ili watoto na wageni watazame samaki.

Mwenye tangi akitumbukiza kipimajoto na kukuta nyuzi 30 au 31 za Selsiasi, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni barafu. Anatuma mtoto kwa jirani mwenye frigo, mabonge yanaletwa, yanatumbukizwa. Samaki wanatulia kwa muda, kisha wanaanza kuyumba, na kesho yake mmoja anaelea tumbo juu. Lawama zote hupewa joto. Mara nyingi joto limesingiziwa: samaki huyo alimalizwa na kukosa hewa, au na tiba yenyewe aliyopewa kwa haraka.

Hewa ndiyo inayoisha

Samaki wa tangini hana namna ya kujitengenezea joto au baridi. Mwili wake hufuata maji. Maji yakipata joto, mwili nao huenda mbio: moyo, tumbo na pumzi. Anahitaji oksijeni zaidi saa ile ile ambapo maji yanabeba kidogo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Maji hayo yakifika nyuzi 30, kinachobaki ni miligramu saba na nusu. Kimo cha Kasindi hupunguza tena karibu sehemu moja ya kumi, kwa kuwa hewa yenyewe ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani.

Dalili zake huonekana bila kifaa chochote. Samaki wanapanda juu na kupanga midomo kwenye uso wa maji, mashavu yanapiga haraka, na hata chakula hawakijali. Saa mbaya kuliko zote huwa alfajiri, hasa tangi likiwa na mimea mingi, kwa sababu usiku kucha mimea nayo inatumia oksijeni pamoja na samaki. Basi mwenye kupima saa nane mchana apime pia asubuhi na mapema, kabla hajaamua tatizo lake ni nini.

Jambo hili hili hutokea kwa ukubwa ng'ambo ya mpaka. Ziwa George la Uganda, lililounganishwa na Ziwa Edward kwa mkondo wa asili wa Kazinga, lina kina cha wastani kisichozidi mita mbili na nusu. Wanasayansi wa Mpango wa Kimataifa wa Biolojia waliolichunguza kati ya 1966 na 1972 waliona mwenendo wake wa kila siku: mchana maji ya juu hupata joto na kukaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika, usiku yanapoa na ziwa zima linachanganyika. Hatari huja dhoruba kali inapokoroga tope la chini, kwa maana tope lile huila oksijeni na samaki hufa kwa wingi. Kwa hiyo ukiona samaki wako wanahema, usianze kuchokoa mchanga na uchafu wa sakafu ya tangi. Chota maji kwa kikombe, uyamwage tena humo humo kutoka juu kidogo, mara nyingi, au washa pampu ya hewa. Kupoza kutafuata.

Kivuli kwanza, kisha upepo

Kabla ya kutafuta baridi, zuia joto lisiingie. Tangi lisikae karibu na dirisha linalopokea jua la jioni, wala juu ya kabati refu lililokaribia bati, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Literemshe kwenye meza fupi iliyo imara, maana lita 40 za maji peke yake ni kilo 40, bado kioo na mawe. Liweke upande wa ukuta usiopigwa na jua. Funika kioo cha nyuma na cha pembeni kwa kitambaa cheupe wakati wa mchana. Taa zizimwe saa za joto. Balbu ya zamani yenye kuwaka manjano ni jiko dogo, na hata mota ya pampu iliyozama majini huongeza joto lake kidogo kidogo.

Halafu ondoa kifuniko cha kioo. Kifuniko hufungia joto na unyevu. Badala yake tandaza kipande cha chandarua na ukikaze kwa mpira, samaki wasiruke na maji yapumue. Hapo ndipo feni inapopata kazi. Ielekeze ipulize juu ya uso wa maji, kwa mshazari, na maji yataanza kupungua kwa kugeuka mvuke. Mvuke huo hauondoki mikono mitupu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto linalotosha kushusha lita 580 kwa nyuzi moja. Kwa tangi la lita 40, glasi moja ya robo lita ikipotea angani imebeba joto la zaidi ya nyuzi tatu, kama joto jingine lisingekuwa likiingia kutoka nje. Ni kazi ile ile ya mtungi wa udongo, unaopoza maji ya kunywa kwa kutoa jasho.

Kwa kuwa joto jipya huingia muda wote, usitegemee nyuzi tatu nzima kwa kila glasi. Nyuzi mbili zikishuka, feni imefanya kazi yake. Januari na Februari, kisha Juni na Julai, hewa ikiwa kavu, matokeo huwa mazuri. Miezi ya mvua, hewa ikishiba unyevu, feni hiyo hiyo hufanya kidogo. Wala hailazimu iwe feni kubwa. Zile ndogo za volti 12 zinazotolewa kwenye kompyuta zilizokufa huendeshwa na batri ya sola, na hilo ni jambo la maana mahali ambapo kuran haina ahadi. Kila jioni ongeza maji yaliyopungua. Ila kumbuka kwamba mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi zote nyuma. Anayeongeza tu bila kubadilisha maji, mwishowe hufuga samaki kwenye maji mazito.

Barafu ina hesabu yake

Barafu si haramu, ila itumiwe kwa kipimo. Chupa ya plastiki ya nusu lita iliyoganda, ikielea na kizibo chake ndani ya tangi la lita 40 mpaka iyeyuke na kulingana na maji, hushusha zaidi kidogo ya nyuzi moja na robo. Kwenye tangi la lita 20, chupa hiyo hiyo hushusha zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Hivyo tangi likiwa dogo, tahadhari iwe kubwa zaidi. Wafugaji wengi hushika kanuni ya kutozidi nyuzi moja kwa saa, na nyuzi mbili au tatu kwa siku nzima. Chupa moja, kipimajoto majini, kusubiri, kisha kuamua kama ya pili inahitajika. Mabonge matupu yasitumbukizwe, kwa sababu huleta baridi kali upande mmoja na pia huleta chochote kilichokuwa ndani ya maji yaliyogandishwa.

Kubadilisha maji nako kunapoza. Ukitoa lita 10 zenye nyuzi 30 na kurudisha lita 10 zenye nyuzi 22, tangi la lita 40 litashuka hadi nyuzi 28. Maji ya kurudisha yaandaliwe tangu jana: yakae usiku kucha kwenye mtungi au ndoo iliyo wazi kivulini. Yakiwa ya bomba lenye klorini, muda huo huisaidia klorini kutoka. Ya mto Lubiriha yanashuka kutoka Rwenzori na yana ubaridi wake, lakini baada ya mvua huja na udongo na kila kilichokokotwa njiani. Yasichotwe na kumwagwa moja kwa moja.

Siku za joto punguza chakula pia. Punje zilizobaki huoza haraka, zinakula oksijeni, na kutoa amonia, sumu ambayo ukali wake huongezeka kadiri maji yanavyopata joto.

Chagua samaki wa joto lako

Kuna tangi ambalo litakuwa vita mwaka mzima: lile lenye samaki wa dhahabu. Samaki hao asili yao ni China, na raha yao iko katika maji ya nyuzi 18 hadi 24. Butembo watakaa bila shida kubwa. Kasindi mwenye kuwafuga amejipa kazi ya kupigana na bati kila mchana. Anayewabeba kutoka Kampala, safari ya takriban kilomita 400 hadi Mpondwe, upande wa Uganda wa mpaka, naye asiwamimine tangini mara tu afikapo. Mfuko uelee juu ya maji kwanza, joto la ndani na la nje likaribiane.

Kwa nyumba ya Kasindi, afadhali samaki waliozoea nyuzi 24 hadi 28. Mfano bora uko mlangoni. Ziwa Edward lina jamii kubwa ya samaki wadogo wa ukoo wa Haplochromis, wenye rangi za buluu, manjano na nyekundu, ambao mama hubeba mayai na watoto mdomoni. Mtaalamu wa samaki Ethelwynn Trewavas aliandika maelezo ya aina kadhaa mwaka 1933, baada ya msafara wa Cambridge wa 1930 na 1931, na hadi miaka ya karibuni bado kuna aina zilizokuwa zikipewa majina ya kisayansi kwa mara ya kwanza. Ila upande wetu wa ziwa uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na uvuvi una kanuni zake. Asiye na ruhusa asiende kujichotea.

Na mwenye kuchoka na samaki wake asiwamwage mtoni. Mfano ni sangara, mla samaki wenzake: yupo Ziwa Albert, lakini hajafika Edward, kwa kuwa maporomoko ya mto Semliki yamemzuia. Ziwa Victoria aliingizwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, na akawamaliza samaki wadogo wengi wa ukoo huu huu. Ziwa letu lisiharibiwe na ndoo moja ya mtu aliyeshindwa kutunza tangi.

Basi utaratibu ni huu: kivuli, uso wa maji ulio wazi, feni, maji yaliyolala mtungini, na barafu iwe ya mwisho. Anayepanga kununua tangi mwezi huu anunue kipimajoto na feni kwanza, apime maji matupu kwa wiki nzima, asubuhi na mchana, ajue nyumba yake ina joto gani. Samaki wafuate baadaye.