Mwenzako Akiteleza, Nani Anaumia Zaidi?

Jamani, timu ni kama ndoa: mmoja akiteleza, wote mnaanguka. Ninao ushahidi kutoka kwenye mashindano ya farasi.

Mchezo wenyewe una mitihani mitatu: kutembea kwa madaha, mbio za nyika zenye vizuizi, kisha kuruka viunzi uwanjani. Kwenye Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, kila timu iliruhusiwa kuwa na wapandaji hadi 5, zikahesabiwa alama za 3 bora.

Ujerumani ikaibuka kidedea. Kumbe Bettina Hoy alikuwa amevuka mstari wa kuanzia mara mbili, na saa ilipaswa kuhesabu tangu mara ya kwanza! Wapinzani wakakata rufaa hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Dhahabu ikaenda Ufaransa, Ujerumani ikashuka hadi nafasi ya nne.

Wengi tungekimbilia kuwahurumia wale wenzake wanne. Lakini wao mwaka 2008, huko Hong Kong, walirudi wakaibeba dhahabu ya timu. Bettina hakuwemo. Tena Athens alipoteza mbili: hata ya mpandaji mmoja mmoja ilikwenda kwa Leslie Law wa Uingereza.

Kwa hiyo shosti, mpenzi wako akiharibu, kabla hujafungua mdomo kulaumu, mtazame vizuri. Huenda yeye ndiye aliyepoteza zaidi.