Dada, Mama au Bibi? Namna ya Kumwita Mwanamke Usiyemjua

Konda wa daladala ya Mbagala hana muda wa kufikiri. Anapanda mwanamke mwenye mtoto mgongoni: "Mama, pita ndani." Nyuma yake yupo msichana mwenye mkoba wa ofisini: "Dada, sogea kidogo." Kisha anatokea bikizee mwenye mkongojo, na hapo konda mwenyewe anateremka: "Shikamoo bibi, nipe mkono." Hajui jina la hata mmoja wao, lakini wote watatu wamepanda bila kununa.

Mswahili humwingiza mgeni katika ukoo kabla hajamuuliza jina. Kipimo ni umri: wa rika lako ni dada, wa rika la mama yako ni mama, aliyezidi hapo ni bibi. Kwa hao wawili wa mwisho, Tanzania Bara na Visiwani, shikamoo hutangulia ombi lolote. Anayeuliza njia bila hata kungoja "marahaba" huonekana hakufunzwa kwao.

Ugumu upo kwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Kijana anayekaribiana naye umri akimwita "mama", huhisi amezeeshwa. Likitoka kwa mzee, neno hilohilo lina utamu mwingine kabisa, maana wazee huwaita "mama" hata watoto wa kike wa chekechea, hasa baba aliyempa binti yake jina la mama yake mzazi. Mwenye shaka na aanze na "Samahani, dada." Kumpunguzia mtu miaka hakujamkera mwanamke yeyote njiani.

Ukivuka mpaka, mambo hubadilika. Nairobi wengi husema "bibi" wakiwa na maana ya mke, na mama wa mzazi wako ni nyanya, shosho au cucu. Mtu wa Tanga akimwita mama mboga wa huko "bibi", heshima yake yote inaweza kupotelea hewani. "Mathe" la vijana lina upendo ndani yake, ila linamfaa zaidi mliyekwisha kuzoeana naye.

Kwenye maandishi, "Bi" ndiyo salama, kwa kuwa haiulizi kama mtu ameolewa au la. Magazeti ya Kenya huitumia kila siku. Zanzibar "Bi" huganda kwenye jina lenyewe: Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki Aprili 2013, dunia nzima ilimjua kwa Bi Kidude. Naye Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza akina mama wa TANU wakati wa kudai uhuru, ana barabara Dar es Salaam yenye jina lake, na "Bibi" imo kwenye kibao.

Mwenye cheo aitwe kwa cheo chake. Askari ni afande, awe mwanamume au mwanamke. Hospitalini kuna kosa linalouma: daktari mwanamke anampima mgonjwa, anamwandikia dawa, kisha anaambiwa, "Asante, nesi." Kazi ya nesi ni ya heshima, lakini daktari mwanamume aliye chumba cha pili haambiwi hivyo.

Halafu kuna "mrembo", "mchumba" na "mke wangu" za sokoni, ambazo mara nyingi huandamana na kushikwa mkono. Msemaji huziita utani. Anayeitwa huharakisha hatua na kubana mkoba. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 haikuishia kwenye kuguswa. Maneno ya kumbughudhi mtu kijinsia nayo ni kosa.

Mhudumu wa baa ndiye anayekosewa kuliko wote. Hupigiwa mluzi, hugongewa meza, huitwa "we mtoto" na mtu wa rika lake. Yeye naye ni dada, saa nne za usiku kama saa nne za asubuhi.