Plazma ya Damu na Plazma ya Radi

Mwanafunzi hutoka kwenye baiolojia akiwa ameambiwa plazma ni majimaji ya damu, akaingia kwenye fizikia akaambiwa jua lote ni plazma. Walimu wote wawili wamesema kweli.

Tuanzie maabara. Damu ikitiwa dawa ya kuizuia isigande, kisha tyubu yake ikazungushwa kwa kasi katika mashine, hujitenga. Chembe nyekundu huzama, utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani hukaa juu yake, na juu kabisa hubaki majimaji ya manjano. Hayo ndiyo plazma, takriban asilimia 55 ya damu yote. Asilimia 90 hivi ya plazma ni maji. Kilichobaki ni protini, chumvi, sukari, homoni na taka zinazosubiri kuchujwa na figo. Wapo wanaoiita seramu, na hapo wanakosea. Seramu ni majimaji yanayosalia damu ikishaganda, wakati fibrinojeni, protini inayogandisha, imekwisha kutumika. Ndiyo maana mgonjwa anayevuja damu kwa upungufu wa protini za kugandisha huongezewa plazma, si seramu.

Plazma ya fizikia haihitaji maji wala protini. Ni gesi iliyopata joto au umeme mwingi hadi atomu zake zikapokonywa elektroni. Kwa kuwa elektroni hizo ziko huru, plazma hupitisha umeme na hutii nguvu ya sumaku. Radi ikipiga, hewa iliyo kwenye njia yake hufikia karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tano ya joto la uso wa jua, na kwa kitambo kifupi huwa plazma. Lakini si kila plazma huunguza. Imo hata ndani ya taa ya tyubu inayowaka dukani, na taa hiyo haikuunguzi ukiigusa: gesi iliyomo ni haba mno, na zenye joto kali ni elektroni peke yake.

Aliyeipa gesi hii jina hilo ni Irving Langmuir, mkemia Mmarekani wa kampuni ya General Electric, mwaka 1928. Mwenzake Harold Mott-Smith alikuja kusimulia kwamba Langmuir aliona gesi ile inabeba elektroni na ioni kama plazma ya damu inavyobeba chembe. Mimi naona mfano huo unachechemea: chembe za damu zikiondolewa, plazma hubaki, ilhali ukiondoa elektroni na ioni utabaki na gesi tu, au hutabaki na kitu kabisa.

Siku hizi plazma hizo mbili hukutana hospitalini. Kuzuia mishipa midogo inayovuja damu tumboni, daktari huweza kupitisha mpira wenye kamera kinywani mwa mgonjwa, akapuliza gesi ya agoni na kuipitishia umeme. Agoni hugeuka plazma, na joto lake huziba mishipa hiyo bila kifaa kugusa nyama. Basi ukisikia daktari akitaja plazma, muulize: ni ya kutundikiwa kwenye mshipa, au ya kuziba mahali panapovuja?