Ukuta Kati ya Majasusi na Polisi

Wengi wetu hudhani kwamba vyombo vya dola hupeana habari zote kila siku. Sivyo. Tuangalie mfano wa Marekani. Unatuhusu pia, kwa kuwa Al-Qaida iliyolipua balozi za nchi hiyo Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 224, ndiyo iliyoishambulia Marekani yenyewe tarehe 11 Septemba 2001.

Kwanza tutofautishe kazi mbili. Jasusi hutaka kuijua hatari kabla haijatokea, naye hufanya kazi kwa siri. Mpelelezi wa jinai hutafuta ushahidi utakaosimama mahakamani mbele ya mtuhumiwa. CIA hufanya kazi ya kwanza nje ya nchi. FBI hufanya zote mbili ndani ya nchi.

Kwa nini zitenganishwe? Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilianza uchunguzi mwaka 1975. Ikafichua kwamba CIA ilikuwa ikifungua barua za raia, na kwamba FBI ilimtegea Martin Luther King vinasa sauti. Mwaka 1978 ikatungwa sheria iliyoweka mahakama maalumu ya kutoa vibali vya kunasa mawasiliano kwa ajili ya ujasusi. Ili vibali hivyo visigeuzwe njia ya mkato ya kumshtaki mtu, taratibu za mwaka 1995 zikaweka mpaka kati ya majasusi na waendesha mashtaka. Ndio ulioitwa “ukuta”.

Lakini ukuta ukaogopwa kuliko ulivyokuwa. Januari 2000 CIA ilijua kwamba Khalid al-Mihdhar, aliyefuatiliwa katika mkutano wa Kuala Lumpur, ana viza ya Marekani. Mwezi huohuo yeye na Nawaf al-Hazmi wakaingia nchini. Majina yao hayakuingizwa katika orodha ya watu wa kuzuiwa mpaka Agosti 2001. Hata hapo, mpelelezi wa jinai wa FBI aliyetaka kusaidia kumtafuta Mihdhar alikatazwa. Wiki mbili baadaye, wote wawili walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon. Tume ya uchunguzi ilieleza mwaka 2004 kwamba taratibu zilieleweka vibaya: msaada ule haukuwa umekatazwa. Sheria ya Oktoba 2001 ilikuwa tayari imeubomoa ukuta kwa sehemu kubwa.

Je, kila ukuta ubomolewe? Sisi mafrateri tunaishi na ukuta wa namna hii. Kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa inakataza kuomba maoni ya baba wa kiroho au muungamishi pale inapoamuliwa frateri apewe daraja au aondolewe seminarini. Gombera anaweza kumfahamu frateri kwa njia nyingine nyingi. Asichoruhusiwa ni kupitia mlango wa dhamiri.

Hapo tunapata kipimo. Habari inayookoa uhai isifungiwe kabatini kwa woga au kwa wivu wa ofisi. Lakini kila inapovuka ukuta tuulize: nani ameruhusu, kwa lengo gani, na nani atakagua? Bila maswali hayo, tunarudi kwenye barua zilizofunguliwa.