Udongo Una Nyakati Mbili

Wahenga walinena: udongo upate ungali maji. Niliishika kauli hiyo nilipoanza kujifunza ufinyanzi wa gurudumu, nayo nusura iniponze.

Nilitamani kufinyanga chupa yenye pande nane, mfano wa zile za kauri nyeupe zilizotengenezwa Korea enzi za ufalme wa Joseon (1392–1910). Niliinua kuta nyembamba, maana wembamba ndio fahari ya mwanagenzi. Kisha nikatwaa waya na kukata papo hapo. Upande wa kwanza ulipinda, wa pili ukatoboka, chupa ikaniangukia mikononi.

Nilikuwa nimekosea mara mbili. Atakaye kuchonga pande sharti aache ukuta mnene, takriban sentimita moja, kwani ndani hubaki mviringo na nje ndiko hupunguzwa. Tena, ijapokuwa wapo mafundi wanaokata udongo ungali mbichi, mwanagenzi heri angoje ukauke kiasi, uwe mgumu mithili ya ngozi. Hapo ndipo agawe mdomo kwa alama nane zilizo sawa, akate kutoka juu hadi chini. Akichelewa mno, udongo humeguka.

Je, wahenga walikosea? La hasha! Kufinyanga kuna wakati wake, na kuchonga kuna wakati wake. Hofu yangu, ndugu msomaji, ni kwamba vijana wetu tunawarithisha nusu ya hekima: tunawahimiza kuwahi, wala hatuwafunzi kungoja.